Hasi kwenye jedwali si msimamo wa mhariri

SWALI: Nasomea uzamili wa mawasiliano ya umma. Nimekusanya habari kutoka Digi24, HotNews, G4Media na Adevărul ili kuona Urusi, Marekani, China, Umoja wa Ulaya na NATO zinavyoandikwa mtandaoni nchini Romania. Nilizitafsiri kwa mashine, nikazipitisha kwenye programu ya kupima hisia. NATO imetoka hasi karibu sawa na Urusi. Niandike kwamba vyombo hivyo vinaipinga NATO?

JIBU: Usiandike hivyo, ndugu yangu. Programu yako imepima ubaya wa tukio, haikugusa msimamo wa chombo.

Chukua Septemba 2023, mabaki ya droni yalipopatikana Plauru, kijiji cha mkoa wa Tulcea kinachotazamana na bandari ya Izmail ya Ukraine ng'ambo ya mto Danube. Kila habari ya siku zile imejaa droni, mashambulizi na hofu. Imo Urusi iliyorusha, imo Ukraine iliyolengwa, imo NATO iliyotoa kauli ya mshikamano. Programu inaokota maneno mabaya na kuwabandika hasi wote watatu. Mwandishi anaweza kuisifu NATO aya nzima na bado jedwali likawa jekundu, yaani hasi.

Nukuu nazo ni mtego. Mahakama ya Katiba ya Romania ilipofuta uchaguzi wa rais tarehe 6 Desemba 2024, wanasiasa waliokasirika waliishutumu Brussels, na vyombo vikawanukuu. Shutuma hizo ni zao; programu inazihesabia chombo.

Hata kuhesabu kwenyewe kuna kazi. Kwa Kiromania, Rusia (Urusi) hugeuka Rusiei kulingana na sentensi, Statele Unite (Marekani) huwa Statelor Unite au SUA, na mara nyingi Urusi huitwa Moscova au Kremlin tu. Alianța, yaani muungano, inaweza kuwa NATO, au chama cha siasa cha AUR ambacho jina lake linaanza na neno hilohilo. Bruxelles ni makao ya Umoja wa Ulaya na ya NATO pia, kwa hiyo soma sentensi. Herufi ș na ț zina namna mbili za kuhifadhiwa kwenye kompyuta, ya mkato na ya sedila, na tovuti nyingine haziweki alama kabisa. Zigeuze zote s na t kabla ya kutafuta. Habari ya Agerpres, shirika la habari la taifa, iliyonakiliwa na tovuti kumi ihesabu mara moja kama unapima msimamo, mara kumi kama unapima kuenea.

Kisha chagua aya 300 kwa bahati nasibu. Wape watu wawili wanaosoma Kiromania, kila mmoja peke yake, waandike kwa kila mhusika, yaani kila nchi au jumuiya unayoipima: nani anasema, mhusika anafanya nini, mwandishi mwenyewe anaegemea wapi. Piga alfa ya Krippendorff, kipimo cha kiasi wasomaji wanavyokubaliana. Ikifika 0.80, endelea, ikiwa chini ya 0.667, maelekezo yako ni mabovu, yaandike upya. Baada ya hapo ndipo uilinganishe programu na watu hao.

Kinachonikera ni wanaouza ripoti za rangi nyekundu na kijani kwa balozi na mashirika bila aya hata moja kusomwa na mtu. Sera zinapangwa juu ya karatasi hizo. Kabla ya kulipa, dai orodha ya maneno waliyotafuta, namna walivyoondoa nakala, na alfa ya wasomaji wao kwa kila mhusika, si wastani wa jumla, kwa sababu wastani mzuri unaweza kuficha China iliyosomwa ovyo.