Re: Nitajuaje kisiwa kiko karibu kabla sijakiona?

Salama mkuu. Kwa hiyo jipiesi imezima, ramani inasema kuna kisiwa cha matumbawe mbele na wewe huoni kitu. Ni kawaida, visiwa vile ni bapa, minazi yenyewe unaiona ukiwa kama maili 10 tu.

Cheki ndege kwanza. Sio ndege yeyote, tafuta buabua weupe, hao usiku wanalala nchi kavu, kwa hiyo ukiwaona jua kisiwa kipo upande fulani. Asubuhi wanatoka kisiwani, jioni wanarudi, so jua likikaribia kuzama fuata wanakoelekea, mchana achana nao maana wanazunguka tu wakivua. Ila msimu wa vifaranga ukimuona na samaki mdomoni hata saa sita mchana jua anapeleka nyumbani.

Halafu mawingu: lile lililoganda wakati mengine yanapita, na tumbo lake likiwa na kijanikijani, chini kuna wangwa, yale maji ya kina kifupi yaliyozungukwa na matumbawe. Mau Piailug, nahodha wa jadi kutoka Mikronesia, 1976 alifikisha mtumbwi wa tanga Hōkūleʻa toka Hawaii mpaka Tahiti bila hata dira, kwa nyota, mawimbi na ndege haohao.

Usiku usisogee, miamba haina taa, shusha tanga usubiri kupambazuke.