Maswali ya Wasomaji: Pikipiki Katikati ya Foleni

Barua kuhusu pikipiki zinazopita katikati ya magari kwenye foleni zimekuwa zikitufikia kwa muda, na kwa kuwa kila anayeandika humlaumu mwingine, tumeona ni haki kuzijibu pamoja. Tumechagua nne: mbili za waendesha pikipiki, moja ya dereva wa gari, na moja ya askari.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi huenda kazini kwa pikipiki, na kila asubuhi hukuta foleni ndefu kabla ya mataa. Wiki mbili zilizopita nilipita taratibu katikati ya mistari miwili ya magari yaliyokuwa yamesimama, na nilipofika mbele askari akanisimamisha na kuniandikia kosa la kupita magari mengine kwa namna ya hatari. Nilipomwuliza ni kifungu gani kinachokataza kupita katikati ya foleni, alinijibu kwamba nisimfundishe kazi. Siku iliyofuata mwenzangu alipita hapo hapo, mbele ya askari mwingine, na hakuulizwa neno. Je, jambo hili ni kosa au si kosa? – *Mwendesha pikipiki*

JIBU: Ndugu msomaji, barua yako ina maswali mawili, na ni vyema tuyatenganishe. La kwanza ni kama sheria inakataza kitendo chenyewe. La pili ni kama askari anaweza kukuadhibu kwa namna ulivyokitenda. Sheria nyingi za usalama barabarani ziliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria magari ya magurudumu manne yanayofuatana kwa mstari, na hazina neno juu ya chombo chembamba kinachoweza kupenya pale ambapo gari haliwezi. Sheria ikinyamaza hivyo, askari hukosa kifungu mahususi na hulazimika kutumia vile vipana: kupita chombo kingine pasipo usalama, kutokaa ndani ya njia yako, kubadili njia bila kuonyesha ishara, au kuendesha bila uangalifu. Vifungu hivyo hupimwa kwa jicho na busara ya aliyeko zamu, na ndiyo sababu wewe uliandikiwa kosa na mwenzako akaachwa. Huenda hakuna aliyekusudia uonevu; kila mmoja alijaza pengo lililoachwa na sheria kwa kadiri ya maoni yake.

Jimbo la California nchini Marekani liliishi na pengo hilo kwa miongo mingi. Mwaka 2013 polisi wa barabara kuu wa jimbo hilo walitoa mwongozo wa kupenya kwa usalama, lakini mwaka 2014 wakauondoa, baada ya kulalamikiwa kwamba walikuwa wakitunga kanuni ambazo hawakupewa mamlaka ya kuzitunga. Ikabidi bunge la jimbo liingilie kati, na sheria iliyotiwa saini mwaka 2016 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2017, ikieleza maana ya kupita katikati ya mistari ya magari na kuwapa polisi hao mamlaka waliyoikosa mwanzo. Mswada wake ulipoanza ulikuwa na kikomo cha mwendo, kikaondolewa njiani, kwa hiyo hata leo askari wa huko anayetaka kumwadhibu mwendesha pikipiki aliyepenya kwa kasi hurudi kwenye kifungu cha jumla cha mwendo usio salama. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya kazi.

Wengine wameimaliza kazi hiyo kwa tarakimu. Jimbo la New South Wales nchini Australia, baada ya kufanya majaribio katikati ya mji wa Sydney mwaka 2013, liliruhusu kupenya kuanzia tarehe 1 Julai 2014 kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, kwa mwenye leseni kamili tu, na si katika maeneo ya shule wakati wa saa za shule wala kwa kujibana kati ya gari na ukingo wa barabara. Anayezidisha kilomita 30 hahesabiwi tena kuwa anapenya, bali ametenda kosa jingine lenye jina na adhabu yake. Utah, jimbo jingine la Marekani, mwaka 2019 iliruhusu pikipiki kupita katikati ya magari yaliyosimama kabisa, katika barabara ambazo kikomo chake hakizidi maili 45 kwa saa, nayo pikipiki isizidi maili 15 kwa saa. Arizona ikafuata kwa masharti yanayofanana mwaka 2022. Ubelgiji, tangu 2011, huangalia pia tofauti ya mwendo: pikipiki isizidi kilomita 50 kwa saa, wala isiyazidi magari inayoyapita kwa zaidi ya kilomita 20 kwa saa.

Kisa cha Ufaransa kinakuhusu zaidi, maana kinaonyesha jinsi kitendo kile kile kinavyoweza kugeuka kosa kwa usiku mmoja. Nchi hiyo ilianza majaribio katika baadhi ya maeneo mwezi Februari 2016, yakamalizika tarehe 31 Januari 2021, na kuanzia siku iliyofuata mtu aliyekuwa akipenya kihalali kwa miaka mitano katika maeneo hayo akawa mkosaji mbele ya askari wale wale, hadi majaribio mapya yalipoanza tarehe 2 Agosti mwaka huo huo. Ruhusa ya kudumu ilikuja Januari 2025, nayo inahusu barabara kubwa zenye kizuizi katikati tu.

Sasa turudi kwenye karatasi uliyoandikiwa. Soma kifungu kilichotajwa humo, si kile unachodhani kingepaswa kutajwa. Ikiwa kosa lenyewe ni kupita kwa namna ya hatari, hoja yako isiwe kwamba kupenya hakukatazwi, kwa sababu hilo hukushtakiwa nalo. Hoja yako iwe kwamba hatari haikuwapo: magari yalikuwa yamesimama, mwendo wako ulikuwa wa taratibu, hapakuwa na makutano wala kivuko cha waenda kwa miguu, na hukuvuka mstari usiokatika wa katikati ya barabara. Kama ulivuka mstari huo, hata kwa upana wa tairi moja, lipa faini. Na yale mabishano ya kando ya barabara hayajawahi kumfutia mtu kosa. Mahali pa kuuliza maswali ya vifungu ni mahakamani au katika ofisi inayopokea malalamiko, kwa maandishi.

SWALI: Ndugu mhariri, sisi wenye magari tunangoja zamu kwa adabu, lakini pikipiki zinatupita kulia na kushoto kana kwamba hatupo. Mwezi uliopita moja iligonga kioo changu cha pembeni, kikavunjika, naye akaondoka bila hata kugeuka. Tangu hapo mume wangu akiwa kwenye usukani husogeza gari hadi karibu na mstari ili wasipate pa kupita. Je, si haki yetu? Na kwa nini polisi wasiwakataze wote? – *Dereva, mama wa watoto wawili*

JIBU: Dada, kwa habari ya kioo uko upande wa haki bila shaka yoyote. Anayepita ndiye anayepaswa kuhakikisha kwamba nafasi inamtosha, na kuondoka baada ya kugonga ni kosa linalojitegemea, mara nyingi zito kuliko lile la kugonga. Namba ya usajili, saa na mahali vinatosha kuanzia malalamiko.

Kwa habari ya mume wako, hapana. Kumzibia mtu njia kwa makusudi ni kumtengenezea ajali, na atakayeumia hatakuwa mwenye gari. California, ambayo nimeitaja hapo juu, imewaeleza wazi madereva wake kwamba kuziba njia kwa kukusudia, au kufungua mlango ili kumzuia mwendesha pikipiki, ni kinyume cha sheria. Tena fikirini hesabu ya foleni yenyewe: pikipiki ikikaa nyuma ya gari lenu na kungoja kama gari, itachukua nafasi inayokaribia ile ya gari zima, na foleni itarefuka kwa kila mmoja wenu. Aliyewapita hakuchukua zamu yenu, kwa sababu mbele ya mataa alikaa mahali ambapo gari lenu lisingeingia.

Swali la kuwakataza wote ni gumu zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha mwaka 2015 uchunguzi wa waendesha pikipiki karibu 6,000 waliopata ajali, ambao 997 kati yao walikuwa wakipenya wakati ajali inatokea. Waliokuwa wakipenya waliumia kichwa kwa asilimia 9, na wengine kwa asilimia 17. Waliogongwa kutoka nyuma walikuwa asilimia 2.6 dhidi ya 4.6. Wapenda pikipiki huishia hapo wanapoutaja uchunguzi huo, na si uungwana. Hao waliokuwa wakipenya walikuwa pia watu wa kwenda na kurudi kazini, wenye kuvaa helmeti bora na wenye kunywa pombe kwa nadra zaidi; tena uchunguzi uliwahusu waliokwisha kupata ajali, kwa hiyo hausemi ni nani ana uwezekano mkubwa wa kuipata. Lakini ulionyesha jambo moja ambalo mimi naliona kuwa ndilo kiini cha mjadala wote: madhara hayakuongezeka kwa aliyeyazidi magari kwa hadi maili 15 kwa saa, yaani kama kilomita 24, magari yenyewe yakienda chini ya maili 50 kwa saa, na yaliongezeka pale tofauti ilipokuwa kubwa zaidi. Aliyevunja kioo chako na yule anayepita kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu wanafanya mambo mawili tofauti, na polisi akiwaweka kapu moja atamwonea mmoja wao.

SWALI: Nimefunga kamera kwenye helmeti. Nikisimamishwa, video yake itanisaidia? – *Kijana wa pikipiki*

JIBU: Itakusaidia ikiwa ulikuwa sahihi. Kamera nyingi hurekodi mwendo pamoja na picha, na wengi walioipeleka video yao ili wajitetee wamejikuta wameipeleka tarakimu inayowatia hatiani. Hifadhi rekodi kamili bila kuikata, usiiweke mitandaoni kabla shauri halijaisha, na kumbuka kwamba magari nayo yana kamera: nchini Uingereza polisi hupokea video za namna hiyo kutoka kwa madereva wa kawaida na kuzifungulia mashtaka.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni askari wa usalama barabarani. Tukiwaacha wanaopenya, wenye magari hutuita wavivu. Tukiwakamata, wenye pikipiki hutuita waonevu, na baadhi yao wakituona hukimbia wakipenya humo humo. Nami nikiri: nikiwa kwenye pikipiki ya kazi hupita katikati ya magari hayo hayo. Unanishauri nini? – *Askari*

JIBU: Afande, nakushukuru kwa kukiri, kwa sababu hilo la mwisho ndilo linalowaudhi watu kuliko faini. Msamaha wanaopewa askari kwa kawaida unahusu dharura na kazi maalumu. Kama unapenya ukiwa unarudi kituoni bila haraka yoyote, na unafanya hivyo taratibu na kwa usalama, basi umejionyesha mwenyewe kwamba kitendo hicho kinaweza kufanyika vizuri, na kwamba unayemtafuta ni yule anayekifanya vibaya.

Unayemtafuta atambulike kwenye karatasi yako. Andika kama magari yalikuwa yamesimama au yanatembea, pikipiki ilipita kati ya njia zipi, palikuwa na lori au basi kando yake, na makutano yalikuwa umbali gani. Katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa pikipiki hula zaidi ya mita 8 kila sekunde, na tangu mwendeshaji aone hatari hadi asimame zimekwisha mita kama 13; kwa kilomita 60 umbali huo hukaribia mita 40, na hakuna mlango wa gari wala mtoto anayechungulia kati ya mabasi atakayempa nafasi hiyo. Kipima mwendo cha mkononi hakifanyi kazi vizuri katikati ya foleni, kwa kuwa hunasa magari ya jirani. Lakini mwenzako akisimama mita 50 kutoka ulipo, pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa itatumia sekunde 6 kutoka kwake hadi kwako. Saa ya mkononi na maelezo ya askari wawili si ushahidi kamili wa mwendo, ila ni bora mara nyingi kuliko maneno "alikwenda kasi".

Mahakama nazo huangalia mambo hayo hayo. Katika shauri moja la Uingereza la mwaka 1966, mwendesha pikipiki aliyekuwa akipita magari yaliyosimama aligongana na gari lililokuwa likitoka barabara ya pembeni kupitia uwazi ulioachwa kwenye foleni, na akabebeshwa asilimia 80 ya lawama. Mwaka 2006, mahakama ya rufani ya nchi hiyo hiyo ilimbebesha lawama yote dereva wa gari aliyejitokeza kwenye foleni ili kugeuza, mbele ya pikipiki iliyokuwa ikiipita foleni hiyo. Majaji waliangalia nani alikuwa wapi, nani aliweza kumwona nani, na kwa muda gani. Kwa hiyo kama mna askari wachache, wawekeni kwenye midomo ya makutano, pale madereva wanapoacha uwazi ili wengine wapite, wala si kwenye mataa ambako pikipiki zimekwisha kupunguza mwendo.

Kuhusu wanaokimbia, usiwafukuze katikati ya magari. Faini ya kupenya vibaya hailingani na mwenda kwa miguu anayevuka kati ya magari yaliyosimama huku pikipiki mbili zikimjia, ya kwanza ikiogopa na ya pili ikiwa na taa ya buluu. Andika namba ya usajili na alama za mwendeshaji, utoe taarifa kwa redio, na mmiliki aitwe kituoni kesho yake kujibu makosa mawili badala ya moja.