Jibu: Golf GTI ya 2007 yenye kilomita 165,000

Ndugu, umeuliza kama gari aina ya Volkswagen Golf GTI la mwaka 2007 lililokwisha kutembea kilomita 165,000 ni la kuogopwa. Kwa maoni yangu, kilomita hizo si kikwazo iwapo muuzaji ana kumbukumbu za matengenezo. Gari lenye kilomita chache lisilo na karatasi hata moja ndilo ambalo ningelikwepa.

Injini yake ya lita 2.0 hutumia mkanda wa taimingi (unaooanisha mwendo wa vali na pistoni), kwa hiyo omba risiti inayoonyesha ulibadilishwa lini, kwani ukikatika vali hugongana na pistoni. Muhimu zaidi, mwombe fundi afungue pampu ya mafuta ya shinikizo kubwa akague kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati yake na kemshafti (shafti inayofungua vali): kikombe hicho hulika taratibu, na kikitoboka huiharibu kemshafti yenyewe, ilhali ni kipuri cha bei nafuu ambacho wamiliki wengi hawakijui kabisa. Kama giaboksi ni ya DSG (inayobadilisha gia yenyewe kwa klachi mbili), oili yake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Liwashe gari likiwa baridi, uliendeshe polepole, na usikilize kama giaboksi inashtuka wakati wa kuondoka. Rangi na rimu vitazame mwisho.