Jajja Yuko Mikononi mwa Nani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Wazee na Sikukuu

Desemba ikifika, nyumba ya kijijini yenye watu wawili hupokea watu thelathini. Inashangaza kwamba hizo ndizo siku ambazo mzee, Jajja wetu (babu au bibi kwa Kiganda), huangaliwa kidogo kuliko siku zote, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ameshamwangalia. Katika majibu yetu mtaona tunarudia swali moja: ni nani hasa, kwa jina, aliyepewa kazi hiyo?

*Mama yetu ana miaka 78. Ana presha na sukari, anatumia vidonge na insulini. Tunampeleka Arua kwa basi kwa ajili ya Krismasi. Tujiandae vipi?*
Kifungua mimba, Ntinda

Anzeni na dawa, tiketi baadaye. Hesabuni siku atakazokaa, kisha ongezeni siku saba. Akienda kwa siku kumi, abebe dawa za siku kumi na saba, maana baada ya Mwaka Mpya nafasi za kurudi Kampala ni za kugombania na duka la dawa la kijijini huenda likakosa aina yake. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaosukumwa chini ya basi. Pamoja nazo wekeni kitabu chake cha kliniki na karatasi inayotaja kila dawa, kipimo chake na saa anayoitumia.

Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa zinataka nyuzijoto 2 hadi 8. Chukueni chupa ya chai yenye mdomo mpana, isuuzeni kwa maji baridi, kisha tieni insulini ikiwa imefungwa kwa mfuko na kitambaa. Isiguse barafu kabisa, kwani insulini iliyoganda imeharibika hata kama inaonekana nzima. Mkifika nyumba isiyo na friji, tumieni vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga uloweshwe asubuhi na jioni, na vyungu vikae kivulini penye upepo. Joto la Arua mwezi Desemba ni kali, lakini hewa ni kavu, na hewa kavu ndiyo inayovifanya vyungu hivyo vipoe vizuri. Chupa iliyokwisha kufunguliwa iandikwe tarehe; nyingi hutumika kwa takriban siku 28 zikilindwa na joto, ila someni karatasi ya aina yake.

Safari ni ya karibu kilomita 480 kupitia Karuma na Pakwach. Mkatieni kiti cha katikati ya basi, upande wa njia ya kupita ndani. Viti vya nyuma, juu ya magurudumu, hurusha abiria kwenye kila tuta, na mfupa wa mgongo wa mama wa umri huo unaweza kupasuka kwa mrusho mmoja tu. Kila basi linaposimama ashuke atembee, na akiwa amekaa awe akikunja na kukunjua nyayo. Akifika na mguu mmoja umevimba na kuuma, au akianza kuhema, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wazee wengi hukataa maji njiani kwa kuogopa kukosa choo, na wengine huruka dawa ya kuongeza mkojo bila kumwambia mtu. Muulizeni muuguzi mapema kama dawa hiyo inaweza kusogezwa hadi mfike. Zile nyingine za presha zisirukwe.

Sasa tuje kwenye hatari tunayoiogopa kuliko zote: chakula cha sikukuu kinachochelewa. Mama anachoma insulini au anameza glibenklamaidi (kidonge cha sukari) saa moja asubuhi, kila mtu anasubiri wageni na sala, na sahani inafika saa kumi alasiri. Dawa hizo hushusha sukari, awe amekula au hajala. Kwa hiyo mama asisubiri mtu. Apate kifungua kinywa chake, na saa saba mchana apelekewe sahani yake, hata kama mgeni rasmi yuko njiani. Mteueni mtu mmoja wa kuipeleka.

Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba, kukasirika bila sababu au kuongea ovyo, mpeni vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu kikombe cha maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haisaidii. Tazameni saa: baada ya dakika 15, kama hajarudi sawa, rudieni. Akitulia, ale muhogo au mkate. Akiwa amezimia msimtie chochote mdomoni. Mlazeni ubavu na kimbieni naye hospitali.

Na kwa ajili ya presha: mdomo ukipinda, mkono mmoja ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Andikeni saa kilipoanza na mwondoke naye. Msimpe chakula, maji wala aspirini.

*Choo chetu kiko nje, hatua kama thelathini kutoka mlangoni. Mwaka jana Jajja alianguka usiku. Tutengeneze nini kabla watu hawajafika?*
Mjukuu, Masaka

Tengenezeni mambo matatu: njia, choo, na saa za usiku.

Njia ifyekwe, mawe na mizizi ing'olewe, na kamba za kuanikia nguo zipandishwe juu ya kichwa. Taa ya sola iachwe ikiwaka mlangoni usiku kucha, kwa kuwa mzee aliyebanwa na mkojo hatasimama kutafuta tochi. Ndani ya nyumba pia kuna mtego wa sikukuu: watoto waliolala kwenye mikeka sebuleni, miguu yao imekatiza njia ya Jajja. Watoto walale upande mmoja wa chumba, na ubaki upenyo wa mita moja kutoka kitandani kwake hadi mlangoni.

Chooni, kuchuchumaa ndiko kunakomwangusha, hasa wakati wa kuinuka. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kimo cha sentimita 45, miguu imetanuka kidogo kuelekea nje, kikakaa juu ya shimo. Msikate tundu kwenye kiti cha plastiki. Plastiki iliyokatwa hupoteza nguvu, miguu yake hutanuka kwenye sementi yenye maji, na Jajja huenda chini pamoja nacho. Ukutani fungeni bomba au mti laini unaojaa kiganja, sentimita 80 hadi 90 kutoka sakafuni, ukishikiliwa na boliti zilizopenya ukuta. Misumari pekee hung'oka siku ile anapoegemea kwa uzito wote. Mwanamume mzima aujaribu kwanza kwa kuning'inia.

Usiku, suluhisho bora ni asitoke kabisa. Ndoo yenye mfuniko na majivu kidogo, chini ya kiti kile cha tundu kama mna cha pili, ikae chumbani mwake. Hakuna aibu katika hilo, na anayeimwaga asubuhi ajulikane kwa jina. Kabla ya kusimama, Jajja akae ukingoni mwa kitanda dakika moja, kwa sababu presha hushuka mtu akisimama ghafla, zaidi kwa anayetumia dawa zake. Avae viatu vyenye mkanda nyuma. Kandambili ziachiwe vijana. Gomesi nayo ni vazi la heshima, lakini upindo wake hufagia chini, kwa hiyo akitoka kanisani abadili nguo au upindo upandishwe hadi kifundoni.

Ikiwa ataanguka, msimvute kwa mikono. Muulizeni panapouma na mtazame miguu. Mguu mmoja ukionekana mfupi na nyayo imegeukia nje, nyonga imevunjika. Hapo msimkande wala msimpeleke kwa mganga wa mifupa, na msimpandishe boda boda. Fungeni miguu yote miwili pamoja kwa leso, mto mlaini katikati, mbebeni juu ya godoro hadi kwenye gari. Namba ya mtu mwenye gari la karibu itafutwe leo na ibandikwe mlangoni.

*Kabale kuna baridi. Je, tunaweza kumwachia babu sigiri chumbani?*
Msomaji, Kabale

Hapana, hata mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umekwisha. Moto wa mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kwenye chumba kilichofungwa humuua mtu usingizini. Mpeni blanketi la pili, soksi, kofia, na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo.

*Baba yetu amekuwa msahaulifu sana. Idi iliyopita alitoka nyumbani katikati ya wageni, tukampata baada ya saa tatu. Tumfungie ndani?*
Binti yake, Bombo

Msimfungie. Mtu aliyefungiwa huhangaika zaidi, na moto ukitokea hana pa kupita. Gawaneni zamu za saa mbili mbili, mtu mmoja kwa zamu, na anayemaliza amkabidhi anayeingia uso kwa uso: "Baba ni wako sasa." Zamu isikabidhiwe kwa watoto.

Mpeni chumba tulivu, mbali na spika, ambako wageni wataingia wawili wawili. Waombeni wasimuulize "Unanikumbuka?" Swali hilo humdhalilisha. Waseme wenyewe: "Mimi ni mtoto wa dada yako, nimetoka Gulu." Ndani ya kola ya kanzu yake shoneni kitambaa chenye namba mbili za simu, na asubuhi mpigeni picha akiwa na nguo za siku hiyo.

Akipotea, msingoje saa nzima. Dakika kumi za kwanza mtafuteni kwenye kisima, shamba la zamani, msikitini na njia aliyokuwa akiifuata kwenda kazini. Kisha mjulisheni mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), vijana wa stendi ya boda boda na msikiti wenye kipaza sauti, na mpige 999 au 112.

Jambo jingine: kama amechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, huo si uzee. Mara nyingi ni maambukizi, malaria, sukari, upungufu wa maji au dawa mpya. Apimwe.

*Wajukuu wanajua namba ya siri ya simu ya bibi, na pesa zake za wazee zinapungua. Nisemeje bila kuleta ugomvi?*
Shangazi, Kasese

Kaa na bibi peke yenu, abadilishe namba ya siri kwa mkono wake mwenyewe, na isiwe mwaka wake wa kuzaliwa. Pesa za ruzuku ya serikali kwa wazee ni zake. Akitaka kumpa mjukuu, ampe mwenyewe. Huna haja ya kumshtaki mtu. Ikibidi, sema tu kwamba simu imepangwa upya.

*Ndugu zangu wanataka Krismasi hii baba, mwenye miaka 82, aseme shamba ni la nani. Je, ni wakati mzuri?*
Kitinda mimba, Mukono

Watu wote wapo, na hilo ni zuri. Mezani mbele ya wakwe na pombe, hapana. Mtoto mmoja anayeaminiwa na wote amuulize baba faraghani kwanza kama anataka kulizungumza. Akikubali, kikao kiwe asubuhi, siku moja au mbili baada ya sikukuu, kisizidi saa moja, na mama awepo.

Wasia halali huandikwa, na baba huutia saini au dole gumba mbele ya mashahidi wawili nao wakatia saini zao. Wasiwe watu wanaorithi humo, wala wenzi wao. Shahidi anayerithi hupoteza alichoachiwa. Kila ukurasa utiwe saini. Kama baba hasomi, aliyeandika lazima amsomee na kumfafanulia, kisha aandike jina na anwani yake kwenye waraka. Nakala moja iwe kwa wakili. Familia za Kiislamu zimwite sheikh anayejua mirathi, maana wasia hauvuki theluthi moja na haumwongezei mrithi.

Ndugu zako waambie pia sheria ya Uganda inasemaje baba akifariki bila wasia. Tangu marekebisho ya 2022, akiacha mke, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila (anayetambuliwa kwa mila za jamii yake), watoto hugawana asilimia 75, mke hupata 20, wategemezi 4, na mrithi wa kimila 1. Ardhi ambayo familia inaishi juu yake haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wake, basi atakayekuja na karatasi "ya kutia dole tu" jioni ya Krismasi arudishwe nayo.

Kuna kazi moja ambayo haihitaji wakili wala makubaliano, nayo ni kuizunguka mipaka. Baba akiwa na nguvu za kutembea, au juu ya kiti kinachobebwa, pitieni naye kila mlamula (mmea wa alama ya mpaka) uliopandwa mpakani, majirani na mwenyekiti wa LC1 wakiwepo. Pigeni picha kila alama, andikeni jina la jirani wa kila upande, wote watie saini. Palipong'olewa, pandeni mwingine siku hiyo hiyo. Nendeni saa moja asubuhi kabla ya jua kali, na mtu mmoja abebe maji na fimbo yake.