Kinanda cha silinda: noti moja haikatiki

Ndugu, kinanda cha silinda ni ala ya filimbi: ukizungusha mpini, misumari ya silinda ya mbao huinua vitufe, navyo hufungua vali za filimbi. Noti moja ikilia mfululizo kila ukizungusha mpini, mara chache filimbi ndiyo mbovu. Inua fremu inayoshika vitufe iachane na silinda, kisha zungusha. Ikinyamaza, kitufe chake kinagusa mbao ya silinda, pengine imevimba kwa unyevu. Kipandishe kidogo sana. Ukizidisha, misumari haitakifikia na noti fupi zitapotea.

Ikiendelea kulia, vali ya chini ya filimbi haifungi: vumbi, springi iliyolegea, au ngozi ya vali iliyokauka ikawa ngumu kama ganda. Ngozi usiipake mafuta, badilisha. Tumia gundi ya moto itokanayo na ngozi za wanyama, hubanduka kwa mvuke. Gundi nyeupe ya seremala humtesa fundi ajaye.

Ukibadili wimbo, usisogeze silinda pembeni fremu ikiwa chini. Misumari itapinda.