Barua pepe 800 zinafika jioni: angalia foleni kwanza

Dada wa Iringa, umesema tangazo la ushirika wenu kwa wanachama 800 likitumwa saa mbili asubuhi wengine hulipata jioni, na fundi anataka mnunue seva mpya. Pesa ziacheni mfukoni kwanza.

Kwa kuwa mnatumia Postfix (programu ya seva inayotuma barua pepe), andika mailq kwenye seva, amri inayoonyesha foleni ya barua zinazosubiri, usome sababu iliyo chini ya kila barua. Namba za majibu ya seva inayopokea zinazoanza na 4, kama 421 au 450, maana yake "rudi baadaye". Postfix ikiambiwa hivyo husubiri sekunde 300, ikikataliwa tena inarefusha, mpaka kufikia sekunde 4000. Hiyo ni zaidi ya saa nzima kwa jaribio moja! Jioni yenu inatokea hapo. Zenye namba zinazoanza na 5 kwa kawaida hazikai kwenye foleni, hurudishwa kwa mtumaji, na mara nyingi ni anwani zilizokufa. Anwani hizo zifute kwenye orodha yenu leo leo.

Wengi wenu bila shaka mko Gmail. Tangu Februari 2024 Google inadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM (njia za kuthibitisha kuwa barua imetoka kwenu kweli), na anwani ya IP, yaani namba ya seva mtandaoni, iwe na jina la kinyume kwenye DNS, orodha ya majina ya mtandao: namba ikiulizwa, ijibu jina la seva. Mimi huku Mbeya nilihangaika wiki mbili kwa hilo jina tu, huku nikiusingizia mtandao wa ofisi.

Halafu msisukume zote kwa mkupuo. Ni kama malori pale mlima Kitonga, yakibanana hakuna anayepanda. Postfix hufungua miunganisho hadi 20 kwa wakati mmoja kwa domeni moja, yaani sehemu ya anwani baada ya @. Shusha iwe 5.

Bado zikichelewa, nitumie mistari michache ya mailq, ila ficha anwani za watu.