Swali ambalo mkasi unaweza kulijibu: niliyojifunza kwenye uzamili wa ubunifu wa mavazi

Pendekezo langu la kwanza la utafiti lilikuwa na neno "kumbukumbu" mara kumi na nane. Nililihesabu baadaye, kwa aibu. Nilitaka kubuni mavazi "yanayozungumza na kumbukumbu", na ukutani nilikuwa na ubao wa picha uliojaa kuta zilizobanduka rangi, majani makavu na barua za zamani. Msimamizi wangu akautazama ubao, akaniuliza: "Ukimaliza kushona, utajuaje kama umekosea?" Nikajitetea kwamba sanaa haina kosa. Akanirudishia karatasi zangu bila neno la pili.

Ukianza mradi wa utafiti wa mavazi, jiulize hilo kabla hujagusa kitambaa. Kumbukumbu, utambulisho na mazingira ni mada. Unaweza kukaa na mada miaka miwili, ukashona nguo za kupendeza, na usigundue kitu. Swali ni jambo ambalo mkasi, kitambaa na mwili wa mtu vinaweza kulijibu, na jibu lenyewe linaweza kukukatalia.

Langu lilitokana na kero. Kila nilipojinyoosha kufikia rafu ya juu pale studio, shati lilichomoka kiunoni. Kwa nini nikiinua mkono mmoja shati zima linapanda nao? Nikaandika upya: mkono wa nguo ya kitambaa kisichovutika ukatweje ili mtu ainue mkono bila kupandisha nguo, na akiushusha pasiwe na mrundo wa mikunjo kwapani? Wenzangu waliona nimejishusha. Wao walikuwa na siasa na mapenzi, mimi nina kwapa. Lakini wiki ile ile nilikuwa nimeshakata kitambaa.

Kuna tofauti moja itakayokuokoa mapema. Mwaka 1993 msomi Christopher Frayling, akiwa chuo cha sanaa cha Royal College of Art, London, alitenganisha utafiti kuhusu ubunifu, utafiti kwa ajili ya ubunifu na utafiti kupitia ubunifu. Wa kwanza ni kama kuandika historia ya mavazi. Wa pili ni ule wa kukusanya picha na sampuli ili kazi yako ipate pa kuanzia, na wengi wetu huishia hapo tukidhani tumetafiti. Wa tatu ndio mgumu: kushona kwenyewe ndiko kunakozaa ujuzi, na mtu mwingine akifuata hatua zako anaweza kuutumia au kuupinga. Amua mapema uko wapi, maana watakaokupima wataamua kwa niaba yako.

Kwenye mapitio ya kazi za wengine nilipoteza miezi miwili nikisifu. Nilikuwa naandika "mbunifu huyu anacheza na umbo", sentensi isiyomsaidia yeyote. Nilipoanza kusoma nguo kama mfuatano wa hatua, mambo yakafunguka. Chukua mikunjo ya Issey Miyake, mbunifu wa Japani, ile ya chapa yake ya Pleats Please iliyoanza 1993. Kwa kawaida kitambaa hukunjwa kwanza, halafu kikakatwa. Yeye aligeuza: nguo inakatwa na kushonwa ikiwa kubwa kuliko mwili mara kadhaa, ndipo inaingizwa kwenye mashine ya joto ikiwa katikati ya karatasi, inatoka imekunjika na imepungua. Inawezekana kwa sababu poliesta ikipata joto hulainika, ikipoa inashika umbo. Pamba tupu ingeachia mikunjo kwenye maji ya kwanza. Kutoka hapo nilijifunza kuuliza: nini kitatokea nikibadili mpangilio wa hatua zangu? Kwa mfano, niunge mkono kwenye nguo kabla sijashona ubavu, au baada?

Au mtazame mbunifu Hussein Chalayan, ambaye kwa kazi yake ya kuhitimu chuo cha Central Saint Martins, London, mwaka huo huo wa 1993 alizika nguo ardhini pamoja na vumbi la chuma, kisha akazifukua. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayetaka kuzika kitu. Zika, sikatai. Ila ujue unauliza nini: muda unafanya nini kwa nyuzi, unyevu unafanya nini, chuma kinafanya nini? Ukizika kimoja tu bila kingine cha kulinganisha, utafukua nguo chafu yenye hadithi.

Ukipata nafasi ya kuona nguo za zamani kwenye hifadhi ya makumbusho, omba miadi mapema, nenda na penseli (kalamu za wino hukataliwa), na uombe kuona ndani. Nje umeshaiona kwenye picha. Ndani ndiko kuna akiba ya mshono iliyoachwa ili nguo ipanuliwe mwili ukinenepa, alama za jasho, viraka, mahali fundi alipofumua akarudia. Kwenye nguo moja niliona kwapani kipande cha pembe nne, kidogo kuliko kiganja changu, kimekatwa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi, na kuingizwa mahali ambapo mkono, ubavu na kifua vinakutana. Nyuzi za mtande na mshindio, za urefu na za upana, hazivutiki sana, ila ukivuta kitambaa hanamu kinakubali. Kwa hiyo kipande kile kilikuwa kinatoa nafasi pale pale mwili unapoidai. Nilitoka na ukurasa mmoja wa michoro, na ulinifaa kuliko vitabu vitatu.

Hapa nikae kidogo, maana majaribio ndiyo mradi wenyewe.

Kwenye mkono wa nguo kuna ule mviringo wa juu unaoingia begani. Tuuite kichwa cha mkono. Tundu la mkono likibaki na ukubwa ule ule, kadiri unavyokifupisha kichwa ndivyo mkono unavyopanuka, na ndivyo mshono wa chini unavyorefuka. Mtu anainua mkono kwa raha, ila akiushusha anabeba mkunjo kwapani. Ukirefusha kichwa, mkono unaning'inia safi kama wa koti la sherehe, na mvaaji hawezi kufikia rafu. Fundi yeyote anayejua kazi yake anajua hili. Utafiti unaanza unapouliza: kwa kiasi gani, na nini kinaweza kuvunja mapatano hayo?

Nikakata vichwa vya sentimita 15, 12 na 9, nikashona nguo za majaribio kwa bafta, kitambaa cha pamba cha bei nafuu, nikaweka alama ya chaki kwenye nyonga ya mvaaji na kupima pindo linapanda kiasi gani akinyoosha mkono mbele, kisha juu. Namba zikaanza kuja. Nikafurahi, na furaha ikaniponza: kwenye jaribio la nane nilibadili kichwa cha mkono na kitambaa kwa mpigo, nikahama kutoka bafta kwenda sufu nyepesi. Likatoka zuri ajabu. Nikalipeleka kwenye tathmini ya nusu mwaka nikitembea kifua mbele. Mtathmini akaligeuza nje ndani, akauliza: "Ni mkato au ni kitambaa?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ilinibidi nishone mengine mawili, moja kwa kila badiliko, ili nijibu swali la maneno matano. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Inachosha, najua.

Kosa lingine lilikuwa la kiburi. Nilikuwa na hakika kwamba tundu la mkono likishushwa chini mvaaji atapata uhuru zaidi. Si ndivyo nguo pana zinavyoonekana? Nililishusha jaribio baada ya jaribio, na pindo likazidi kupanda. Siku moja nilikaa sakafuni nikimwangalia mwenzangu akiinua na kushusha mkono, nikaona: tundu likiwa chini, mkono wa nguo umeshika ubavu mbali na bega, kwa hiyo mtu akiinua mkono anainua ubavu mzima, kama kamba iliyofungwa chini ya mzigo. Nikalipandisha sentimita 2 karibu na kwapa. Nguo ikatulia.

Kile kipande cha hanamu nacho kilinitesa. Ili kukiingiza unapasua nguo kwapani, na pale kwenye ncha ya mpasuko akiba ya mshono inakwisha kabisa, na kitambaa huchanika mtu akijinyoosha mara mbili tu. Dawa: kabla ya kukata, shonea kwenye ncha kijipande chepesi, ndipo upasue katikati yake na ukigeuzie ndani. Ni dakika kumi za kazi.

Kuhusu kufanyia majaribio kwenye mdoli mdogo ili kuokoa kitambaa: Madeleine Vionnet, aliyefungua nyumba yake ya mavazi Paris mwaka 1912, alibunia kwenye mdoli mdogo wa mbao, na aliitawala hanamu. Jaribu, ni raha. Ila ukubwa ukipungua nusu, unene na uzito wa kitambaa haupungui. Kinachosimama wima kwenye mdoli kinaweza kulala kwenye mwili wa mtu. Mdogo wa kuwazia, mkubwa wa kupimia.

Watu wanaokuvalia nguo za majaribio si midoli. Waandikie fomu ya ridhaa mapema, uwaeleze picha zitaenda wapi, na uwape nafasi ya kuficha sura. Kamati za maadili huchukua muda wake. Mimi nilichelewa, nikalazimika kutupa picha nzuri ambazo sikuwa na ruhusa nazo.

Kitambaa cha mwisho nunua chote mara moja, kutoka jora moja. Nilinunua kwa awamu mbili, na mikono ikatoka na bluu nyingine. Na kifue kabla ya kukata. Yamekwisha hayo.

Tasnifu nayo haiandikwi mwishoni. Kila nguo ya majaribio niliifunga kilebo chenye mistari minne: tarehe, nilichobadili, ninachotarajia, kilichotokea. Mstari wa tatu uandikwe kabla ya kushona, si baada, la sivyo utajidanganya kwamba ulijua. Robo ya maandishi yangu ilitoka moja kwa moja kwenye vilebo hivyo.

Siku ya mtihani niliyatundika mavazi sita yaliyokamilika mbele, na majaribio yote ya bafta nikayaweka nyuma kwenye reli, nikiwa na wasiwasi kwamba yanaonekana takataka. Watahini walipita kwenye yale sita kwa dakika chache, wakaenda nyuma. Mmoja akachomoa namba 19 na kusoma kilebo kwa sauti: "Nimeshusha tundu la mkono tena. Natarajia pindo lipande sentimita 2. Limepanda 6. Sielewi." Akacheka. Kisha akavua koti lake, akanyoosha mkono kwenye reli, na kuomba kuvaa namba 20.